Fundo la Taniboi

Jina taniboi tumelitohoa kutoka Kiingereza, lakini ufundi wake ulikuwa na msamiati wa mikono. Kabla ya kontena kutamalaki barabara ya Mombasa kwenda Kampala, mzigo wa lori ulifunikwa na kufungwa kamba. Turubai la nyuma lilitandazwa kwanza, la mbele likalilalia, upepo usipate pa kupenyea. Kamba ilirushwa juu ya magunia, ikakunjwa kitanzi, ikapitishwa kwenye kulabu chini ya bodi, ikavutwa. Kitanzi kile kilifanya kazi ya kapi. Mvutaji akaongezewa nguvu. Na fundo lenyewe, jamani, lilifunguka mara tu kamba ilipolegezwa! Madereva wa Uingereza waliliita “dolly”. Kontena hushikwa pembe nne kwa komeo za chuma. Wanaisimu wetu wawahoji mataniboi wazee, kamba mkononi, sasa hivi.