Kodi Iliyotutoa Ushago

Uliza mtaani kwetu mbona watu hutoka ushago, utaambiwa ni taa za jiji. Historia ya Nairobi inasema mengine.

Mji huu ulianza 1899 kama kituo cha reli. Haikuchukua muda, serikali ya kikoloni ikaanza kutoza kodi ya nyumba. Usidhani ni ya landilodi. Ulilipia hata kibanda ulichojijengea mwenyewe. Mwanzoni mbuzi alikubalika, baadaye ikawa lazima pesa taslimu. Sasa pesa itoke wapi? Kahawa ilikuwa ya walowezi; Mwafrika alizuiwa kuilima hadi miaka ya 1930, na hata hapo wakaruhusiwa wachache tu. Ardhi nzuri nayo ilishachukuliwa.

Basi wanaume wakaenda kuuza jasho, kwa mzungu shambani au mjini. Kuanzia 1920 walivaa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Mshahara ulitosha mtu mmoja, kwa hiyo mke na watoto walibaki nyumbani wakilima. Kazi ikiisha, mjini hukutakiwa.

Leo mchuuzi akiambiwa "rudi ushago ukalime," mimi nasikia amri ya zamani hiyo.