Tarehe haina shemeji: historia fupi ya ratiba ya marubani

Bandugu, sisi wa Kamina tuko watu wa reli. Wengi wetu tulisoma kwa mshahara wa reli. Njo maana historia hii inatuhusu, hata kama ni ya ndege.

Kila mwezi kampuni ya ndege inakamata safari zote na kuziunganisha mafungu mafungu: rubani atoke kwake, aruke siku 2 ao 4, alale njiani, arudi kwake. Kisha, katika kampuni kubwa za Marekani, kila rubani anaandika anachopenda: safari gani, mapumziko siku gani. Kompyuta inaanza na yule aliyeingia kazini wa kwanza. Akisha kupewa, wa pili anafuata, mpaka wa mwisho. Huyu wa mwisho anapata mabaki: Noeli mbali na watoto, ao kukaa karibu na simu akingoja kuitwa.

Desturi hii ilitoka wapi? Kwa reli! Wafanyakazi wa treni wa Marekani walikuwa nayo tangu karne ya 19. Marubani wa zamani hawakuwa na kinga kama hiyo. Mtu akikataa kuruka katika mvua mbaya, mwingine anapewa nafasi yake. Mwaka 1931, David Behncke na wenzake waliunda sindika yao, ALPA. Mwaka 1934 serikali ikaamua: masaa ya kuruka yasipite 85 kwa mwezi. Mwaka 1939 American Airlines ikatia sahihi mkataba wa kwanza wa pamoja na ALPA.

Faida yake iko wazi: tarehe ya kuingia kazini haina shemeji. Mkubwa hawezi kuficha Noeli kwa ajili ya ndugu yake. Sisi tunaotembeza dosie kila ofisi tunajua uzito wa jambo hilo.

Lakini kuna bei. Eastern Air Lines ilipokufa Januari 1991, kapteni wa miaka mingi aliyepata kazi kwingine alianzia mkiani, nyuma ya vijana. Tarehe haiangalii shemeji, na haiangalii ujuzi pia.

Hata hivyo, mimi ninachagua mkia wa orodha ninayoweza kuisoma kuliko nafasi nzuri mfukoni mwa mtu. Siku moja ninyi njo mtapanga zamu za wengine. Muandike kwanza sheria ukutani, kisha majina.