Kabla ya kuenjoi tulikuwa tukifaidi

Makere iko kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, jirani na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo, kisha mwaka 2015 ikafurika Warundi. Huku Kiha, Kirundi na Kiswahili cha namna mbili, cha Kongo na cha Bongo, vinaishi pamoja. Juu ya vyote hivyo, kijana mwenye simu anaongeza chake: "Leo tunaenjoi."

Neno hilo limetoka mbali. Waingereza walilipata karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, nacho kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini, gaudere, yaani kufurahi. Baadaye likabeba maana ya pili: kuwa na kitu na kunufaika nacho, iwe shamba, cheo au haki. Wanasheria wao hawajaiacha maana hiyo hadi leo.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Raha na starehe ni za shina moja la Kiarabu, nalo ni la kupumzika. Burudani ni ndugu wa damu wa baridi. Ukijua joto la pwani huhitaji kuuliza kwa nini. Warundi wanao umunezero wao, na Wakongo hawaachi ambiansi waliyoachiwa na Kifaransa.

Ile maana ya pili nasi tulikuwa nayo: kufaidi. Haki za msingi zilipoingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984, ibara ya 29 ilimpa kila mtu haki ya kufaidi haki za msingi za binadamu. Nakala ya Kiingereza hapo imetumia enjoy. Neno la Katiba, lakini ndilo hilo hilo mtoto aliyenyimwa kipande cha muwa humrushia mwenzake: "Aa, unafaidi peke yako!"

Sasa tazama matangazo yanavyotafsiri enjoy. Furahia ofa, furahia mlo wako, furahia intaneti. Mtu hufurahia mtoto kuzaliwa au Simba kuifunga Yanga (au kinyume chake, nisigombane na wasomaji). Ofa hufaidiwa, na mlo huliwa kwa raha baada ya mwenyeji kusema karibu. Hata "kula bata" ya vijana wa mjini naiona ina asili kuliko hiyo "furahia ofa", maana imefuata kula raha na kula Idi.

Waandishi wa matangazo, na sisi wa magazeti tunaowaiga, turudisheni kufaidi kazini.