Jina la Jeraha: Askari wa Marekani Waliotoka Vietnam na Barza Walizojiundia

Kwa kawaida historia ya maradhi huandikwa kutoka upande wa daktari. Daktari huliona jambo, hulipa jina, kisha mgonjwa hufundishwa kulitamka. Makala haya yanaeleza kisa ambacho mambo yalikwenda kinyume: wagonjwa ndio waliolidai jina, wakalijadili miongoni mwao kwa miaka kumi, na madaktari wakalipokea baadaye. Kisa hicho ni cha askari wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Tunakileta mbele ya wasomaji wa lugha kwa sababu kiini chake ni neno. Nani ana haki ya kulitoa? Anayelipokea anapewa nini? Na kitu gani kinabaki nje ya mlango wakati neno limekwisha kuingia katika kitabu?

Majina ya awali hayakukosekana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), Jacob Da Costa aliandika mwaka 1871 juu ya askari ambao mioyo yao ilipiga mbio pasipo ugonjwa wa moyo kuonekana, naye akausingizia moyo kile ambacho pengine kilikuwa cha nafsi. Mwezi Februari 1915, Mwingereza Charles Myers alitumia katika jarida la The Lancet jina la mshtuko wa makombora. Jina hilo likapendwa upesi mno na askari wenyewe, na hapo ndipo lilipoanza kuwasumbua wakubwa wa jeshi. Aliyeandikiwa kwamba amepata mshtuko kwa kitendo cha adui alihesabiwa kuwa majeruhi, na majeruhi ana alama ya heshima na malipo. Mwaka 1917 jeshi la Uingereza likawaamuru madaktari wake walioko vitani waache kuliandika jina hilo. Badala yake waandike kwamba ugonjwa bado haujatambuliwa. Msomaji aone jinsi amri ya kijeshi ilivyoweza kuwa amri ya msamiati.

Huko Marekani, kitabu cha kwanza cha kuainisha magonjwa ya akili, kilichotolewa na chama cha madaktari wa fani hiyo mwaka 1952, kilikuwa na ingizo juu ya mtu mzima wa akili anayevunjika kwa sababu ya mateso makubwa kama vita. Toleo la pili, la mwaka 1968, liliondoa ingizo hilo. Mwaka 1968 ndio mwaka ambao mapigano ya Vietnam yalikuwa makali kupita miaka yote. Hivyo askari waliorudi wakati huo walifika katika hospitali ambazo hazikuwa na neno la kuwapokelea.

Namna yao ya kurudi ilikuwa ya pekee. Wamarekani milioni 2.7 hivi walitumika Vietnam, na zaidi ya 58,000 walikufa. Kila mmoja alihesabiwa muda wake peke yake, miezi kumi na miwili kwa wengi, na siku yake ilipotimia alipandishwa ndege bila wenzake. Aliyekuwa kwenye mtaro Jumatatu aliweza kuwa jikoni kwa mama yake kabla ya wiki kwisha. Baba zao waliotoka Ulaya mwaka 1945 walisafiri kwa meli, kundi zima pamoja, na siku zile za baharini zilikuwa za kusimuliana. Tena wengi wao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo. Hapa Kiswahili chetu kinatupa shida: tukisema mkongwe wa vita, twamwona mzee mwenye fimbo, tukisema mstaafu, twafikiri ana pensheni. Katika makala haya tutawaita askari wa zamani, ingawa neno hilo nalo halitoshi kwa kijana ambaye zamani yake ni ya mwezi uliopita.

Hospitali za serikali za askari wa zamani zilikuwa na sifa mbaya. Mwezi Mei 1970 jarida la Life lilichapisha picha za hospitali moja ya Bronx, New York, ambamo waliopooza walilala katika uchafu. Lakini ubaya uliotuhusu hapa haukuwa wa kuta na vitanda. Mwaka 1969, Sarah Haley, mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika hospitali ya askari wa zamani mjini Boston, alizungumza na mtu aliyemweleza kwamba kikosi chake kiliua wanawake na watoto katika kijiji cha My Lai, na kwamba wenzake walitishia kumwua akisema. Madaktari walipokutana walikata shauri kwamba huyu ana wazimu wa kudhani anaandamwa. Haley akapinga: je, ikiwa anasema kweli? Mauaji ya My Lai yalikuwa yametendeka tarehe 16 Machi 1968, na dunia iliyasikia mwezi Novemba 1969. Mwaka 1974 Haley alichapisha makala akiwaeleza waganga wenzake namna ya kumsikiliza mgonjwa anayesimulia ukatili alioutenda mwenyewe. Kwa maoni yetu makala ile fupi ina uzito kuliko vitabu vingi vilivyoifuata, maana ilitaka kwanza kitu kimoja tu: habari ya mgonjwa ihesabiwe kuwa habari kabla ya kuhesabiwa kuwa dalili.

Wakati huohuo, askari wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza. Chama cha askari wa Vietnam waliopinga vita kiliundwa New York mwaka 1967. Mwishoni mwa 1970 baadhi ya wanachama walianza kukutana ofisini mwao kila wiki ili kuzungumza juu ya yale waliyoyaona na kuyatenda, nao wakawaalika madaktari wawili wa akili, Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, kukaa nao. Lifton alikuwa amewachunguza walionusurika bomu la Hiroshima na kuandika kitabu juu yao mwaka 1968. Jina la Kiingereza la vikao hivyo lilikuwa neno la mitaani lenye maana ya kupiga soga bila kuficha. Kwetu Kisangani au Kivu mtu angesema barza: ule ukumbi wa mbele ya nyumba, ambapo anayepita hukaribishwa kiti na hakuna anayeulizwa karatasi. Tutalitumia neno hilo, kwa kuwa linatunza jambo lililokuwa kubwa kwao. Barza ni ya mwenye nyumba. Madaktari walikuwa wageni wa askari, hawakulipwa, na hawakuandika faili za wagonjwa. Walioulizwa maswali hawakuwa askari tu. Daktari naye alitakiwa aseme anasimama wapi juu ya vita.

Mwishoni mwa Aprili 1971 kulitokea kifo kilichowashtua wote. Dwight Johnson, kijana mweusi wa Detroit aliyekuwa amepewa Nishani ya Heshima na Rais mwezi Novemba 1968, alipigwa risasi na mwenye duka aliyedai kwamba Johnson alikuja kumwibia. Alikuwa amepata kutibiwa akili katika hospitali ya jeshi, na madaktari wa huko walijua kwamba maradhi yake yanatokana na kurudi kwake. Mwezi Mei 1972 Shatan alipeleka katika gazeti la The New York Times makala iliyoziita dalili za watu hawa kuwa ni za hali moja, inayotokana na Vietnam. Jina lile la muda lilienea, likapigwa vita pia: baadhi ya askari walisema linawafanya wote waonekane vichaa wa hatari.

Juu ya miaka iliyofuata tutapita haraka. Seneta Alan Cranston wa California alikuwa ameleta mswada wa huduma za ushauri mwaka 1971. Seneti iliupitisha zaidi ya mara moja, na kila mara ukakwama katika Baraza la Wawakilishi, ambako askari wa vita vya pili vya dunia walikuwa na sauti kubwa. Hoja yao haikuwa ya chuki. Walisema tu kwamba wao walirudi wakafanya kazi, basi hawa nao wafanye. Mambo yalibadilika Rais Carter alipomweka mwaka 1977 Max Cleland, aliyepoteza miguu miwili na mkono mmoja Vietnam, kuwa mkuu wa mamlaka ya askari wa zamani. Sheria ilitiwa saini mwezi Juni 1979.

Kilichozaliwa na sheria hiyo kinastahili kuelezwa kwa utulivu, maana serikali mara chache hukubali kuiga barza. Vituo havikuwekwa ndani ya hospitali. Vilikodishiwa vyumba vya maduka barabarani, karibu na kituo cha basi. Kila kimoja kilikuwa na watu wachache, wanne hivi, na miongoni mwao lazima awepo aliyepigana. Aliyeingia hakutakiwa kuwa na ugonjwa uliothibitishwa, na faili yake haikuchanganywa na faili za hospitali, jambo lililowatia moyo wale waliohofu kwamba maneno yao yangefika kwa mwajiri au kwa hakimu. Shad Meshad, aliyetumika Vietnam kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii na ambaye alikuwa amewahudumia askari huko Los Angeles katika miaka ya 1970, ndiye mmojawapo wa walioupa mpango huo umbo. Vituo hivyo vilifunguliwa kwa vita vya baadaye mwaka 1991, na leo viko 300 hivi. Havikuweza kufanya kazi peke yao hata siku moja: kituo kilimtegemea padri wa parokia, ofisi ya kazi, vyama vya walemavu wa vita, mke aliyepiga simu usiku.

Jina rasmi lilikuja mwaka 1980. Madaktari wa akili walikuwa wakitayarisha toleo la tatu la kitabu chao chini ya Robert Spitzer, ambaye mwanzoni hakuona haja ya ingizo jipya. Lifton na Shatan walikusanya visa, wakaungana na waliowatibu watu walionusurika kambi za mauaji za Wanazi, na katika kamati iliyoamua aliketi Jack Smith, askari wa Vietnam asiye na shahada ya udaktari. Neno Vietnam likaondolewa, pakawekwa msongo unaofuata kiwewe, uwe wa vita, wa kubakwa au wa tetemeko la ardhi. Faida yake haikuwa ndogo. Jina lilipoingia kitabuni, askari aliweza kulipwa kwa ulemavu usioonekana. Uchunguzi mkubwa ulioagizwa na Bunge, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1988, ulikuta kwamba asilimia 15.2 ya wanaume waliotumika Vietnam walikuwa bado na hali hiyo, na asilimia 30.9 walikuwa wamepata kuwa nayo wakati fulani.

Hata hivyo, katika kuvuka kutoka barza hadi kitabu, kitu kilidondoka njiani. Katika barza watu hawakuzungumza tu juu ya woga walioupata. Walizungumza juu ya waliyoyafanya. Toleo la 1980 liliweka bado hatia miongoni mwa dalili: hatia ya kuishi wakati wengine wamekufa, au ya kile mtu alichofanya ili aishi. Sahihisho la mwaka 1987 liliiondoa katika orodha ya lazima, na ikakaa nje hadi 2013. Kwa miaka ishirini na sita basi, kwa kufuata kitabu, askari aliyeogopa alikuwa mgonjwa halisi, na askari aliyejuta alikuwa na jambo la kando. Jonathan Shay, daktari wa Boston, alilirudisha jambo hilo mwaka 1994 katika kitabu kinachowasoma askari wa Vietnam pamoja na Akili wa Homeri, naye akasema habari za jeraha la dhamiri.

Wanavajo hawakungoja mjadala huo. Wana ibada ya kale ya siku kadhaa kwa aliyegusana na adui na wafu wa adui, na vijana wao waliotoka vitani wamefanyiwa, jamaa na majirani wakiwa wamehudhuria. Katika ibada ile mgonjwa haulizwi kama ana hatia au woga; anarudishwa, basi. Kongo, ambako mtu humwita munganga yule wa hospitali bila kuona ajabu, si vigumu kuelewa kwa nini baadaye hospitali za serikali ziliruhusu baadhi ya ibada za Wahindi Wekundu kufanyika katika viwanja vyao.

Mfano wa mwisho ni wa mahakama. Mjini Buffalo, New York, hakimu Robert Russell alimwona mshtakiwa mmoja, askari wa Vietnam, asiyejibu neno wala kuinua macho. Akawaomba watumishi wake wawili waliopigana Vietnam watoke naye ukumbini. Waliporejea, mtu yule alisimama wima kama askari na kuahidi kujitahidi. Mwezi Januari 2008 Russell alifungua mahakama ya askari wa zamani, ambamo kila mshtakiwa hupewa mwenzake aliyepigana amsindikize, huku hospitali, vyama vya mji na ofisi ya mashtaka vikikaa meza moja. Sasa ziko mamia nchini humo.

Tumelisimulia haya yote kwa sababu ya kazi inayowangoja wanafunzi wetu. Tangu CONADER ilipoundwa Desemba 2003 hadi P-DDRCS ya mwaka 2021, mazungumzo juu ya wapiganaji wanaorudi nyumbani katika Kongo ya mashariki yamefanyika kwa vifupisho vya Kifaransa, na anayeulizwa maswali huulizwa kwa Kiswahili. Mtu fulani lazima atafsiri dodoso. Kiwewe kinafaa kwa aliyeshtuka. Lakini atafika kwenye hatia, na hatia kwetu ni neno la mahakamani: mtu hukutwa nayo, akahukumiwa. Mpiganaji akiulizwa kama ana hatia, atajibu hapana, kama yeyote mwenye busara angejibu mbele ya karatasi na kalamu. Akiulizwa kama anajuta, huenda akanyamaza kwanza, na mwulizaji inambidi ajue kungoja. Aibu ni neno la tatu, nalo halilingani na hayo mawili, maana majuto mtu huyabeba peke yake, ilhali aibu inahitaji macho ya jirani.