Ukifa Utazikwa Wapi?

Wageni wengi wa Jumba la Makumbusho la Kisumu hukimbilia kwanza nyoka na mamba. Siwalaumu, mamba ni mamba. Lakini anayetaka kujua watu wa ufuo huu waliyaelewaje maisha, pa kuanzia ni Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa humo kwa ukubwa wake halisi. Nyumba ya mke mkubwa, mikayi, inalitazama lango. Nyumba za wake wadogo ziko kando. Simba (hapa si mnyama, ni nyumba ya kijana wa kiume) iko jirani na lango. Kuna ghala, kuna zizi. Nyumba ya ibada hamna, na si kwamba mafundi waliisahau: dala, yaani boma, ya zamani haikuwa nayo. Mzee alitoka alfajiri, akalitemea mate jua linalochomoza, akaomba siku iwe njema, akashika jembe lake.

Huko Ulaya, waliouliza kama maisha yana maana pasipo Mungu walikuwa wamelelewa kanisani. Kwao, kumpoteza Mungu kulikuwa kama kuezuliwa paa usiku wa mvua. Kandokando ya Ziwa Victoria swali hilo lilipita mlango mwingine. Lililomkosesha mtu usingizi ni hili: ukifa utazikwa wapi, na ni nani ataitwa kwa jina lako? Mungu alikuwepo, naam, ila hakuwa ndiye aliyeshikilia jibu.

Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mnamo Desemba 1901. Wamisionari hawakukawia, Shule ya Maseno ilianza mwaka 1906. Walihitaji neno la kumtaja Muumba, wakalichukua Nyasaye, ambalo wengi hulihusisha na kitenzi cha kusihi na kuomba. Likashika. Jok, neno wanalolijua Waluo wote tangu Sudan Kusini hadi huku, halikuwa na bahati hiyo. Upande wetu wa ziwa, juok siku hizi ni uchawi tu.

Mwaka 1961 mwanahistoria Bethwell Ogot, mwana wa Gem, alichapisha makala kuhusu dhana hiyo ya jok, akiiona kama nguvu moja inayopita katika viumbe vyote. Mtu wa kumpinga alikuja kuishi Kisumu. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, alikuwa amekosana na wakubwa wa Uganda. Akavuka mpaka, akaajiriwa katika idara ya chuo kikuu iliyowafundisha watu wazima nje ya Nairobi, na mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa la Kisumu. Watu wanamkumbuka kwa mashairi na ngoma. Mimi namkumbuka kwa kitabu chembamba kilichotoka Nairobi mwaka 1970, kuhusu jinsi wasomi wa Magharibi walivyozielewa vibaya dini za Afrika.

Humo mna kisa ambacho kila mtafsiri angepaswa kukijua. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliyewaumba? Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya kutoa kitu pasipo kitu, kwa hiyo swali likafika masikioni mwa wazee likiwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa. Mtu huzaliwa na mamake; afinyangwe na nani? Wakajibu kwamba hawajui. Mapadri hawakuridhika, wakataka jibu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna ugonjwa unaoupinda uti wa mgongo hadi mtu anatoka kibyongo, kana kwamba amefinyangwa upya, na kwamba anayeuleta ni pepo mbaya aitwaye Rubanga. Basi akasema: Rubanga ndiye afinyangaye watu. Mapadri wakaandika. Ndivyo jina la pepo wa vibyongo lilivyoingia katika sala za Waacholi.

Okot alikisimulia kisa hicho kwa hasira. John Mbiti, mchungaji na msomi Mkenya, alikuwa ametoa kitabu chake maarufu mwaka 1969, kinachomchora Mwafrika kama mtu ambaye dini imempenya kila pembe ya maisha. Okot aliona kwamba wasomi wa namna hiyo wanawavisha miungu wa Afrika majoho ya Kiyunani na kuwatembeza Ulaya ili nasi tuheshimiwe. Kwa maoni yake, Waacholi walifanya matambiko ili mgonjwa apone, mwanamke azae, ugomvi ulioleta balaa umalizike. Shughuli yote ilikuwa ya hapa duniani. Wala hakuna aliyejiona anaishi bure kwa sababu hakuwa na Muumba wa kumhesabia siku zake.

Nadhani Okot alivuta kamba mno. Yeye mwenyewe hakuamini, na mtu asiyeamini anaweza kuwakuta mababu zake hawaamini kwa urahisi uleule aliowakuta nao Mbiti wakiwa karibu wawe Wakristo. Tena Kisumu si Gulu. Huku imani haikungoja wasomi. Mwaka 1907 Johana Owalo alisema amechukuliwa mbinguni, na mwaka 1914 akaanzisha Nomiya, kanisa linalotahiri na kukataa kwamba Yesu ni Mungu. Mwaka 1913, huko Alego, Onyango Dunde alisema amemezwa na joka la ziwani liitwalo Mumbo, likamtapika na kumtuma akatangaze kwamba dini ya Wazungu imeoza na wao wenyewe wataondoka. Serikali ya kikoloni ilikiogopa kiumbe hicho kiasi cha kuwahamishia baadhi ya viongozi wa Mumbo hadi Lamu.

Anayenivutia zaidi ni Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya mwaka 1944. Alikwenda Uswidi kusoma sayansi, akaishia kwenye falsafa huko Uppsala, chini ya Ingemar Hedenius, ambaye kitabu chake cha 1949 kilizusha mjadala mkali nchini humo kwa kuushambulia Ukristo. Kijana wa Ugenya alirudi mwaka 1970 kufundisha Nairobi. Badala ya kuwasomea wanafunzi wake hoja za Hedenius tu, alibeba kinasa sauti, akaenda kwa wazee vijijini kuwauliza Mungu ni nini, wema ni nini, kifo ni nini.

Mmoja wa wazee hao alikuwa baba yake mzazi, Oruka Rang'inya, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1979. Mzee alimwambia kwamba ni kosa kumfanya Mungu kuwa mtu. Mungu ni wazo, wazo la wema wenyewe, nalo lina manufaa kwa wanaoishi. Fikiria mwana aliyevuka bahari kwenda kwa profesa mkana Mungu, akarudi na kukuta babake ameshalipima jambo hilo kwa mizani yake, na wala hakuona haja ya kuufanya ugomvi. Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuwa Ker, yaani kiongozi wa Waluo, aliona tofauti: Mungu yupo, tena ni mmoja tu, kwani wangekuwa wengi ulimwengu usingekwenda kwa utaratibu huu tunaouona. Wazee wawili, majibu mawili. Lakini mwulize yeyote kati yao alikotaka kulazwa. Sidhani ungepata majibu mawili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kesi iliyobishania kaburi. Wakili Silvano Melea Otieno, SM kwa waliomjua, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Aliishi Nairobi, alipenda Shakespeare, na mkewe, Wambui Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Mjane alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari zaidi ya miezi mitano huku nchi nzima ikisoma magazeti kila asubuhi.

Odera Oruka aliitwa kizimbani upande wa ukoo, kueleza mila. Mwanafunzi wa Hedenius sasa alikuwa akiielezea mahakama miiko ya maziko. Wapo walioona kichekesho hapo. Mimi sioni. Hakuna aliyeuliza kortini kama Mungu yupo. Pande zote mbili zilikuwa na Wakristo wa kutosha. Kilichobishaniwa ni kama nyumba ya Nairobi inaweza kuwa dala. Kwa Dholuo, ot ni nyumba tu, hata iwe ya ghorofa. Dala ni mahali ambapo baba yako alikuonyesha pa kujenga na ambapo waliokutangulia wamelala. Mjaluo aliyekufa bila kuwa na boma lake hujengewa kibanda haraka kabla ya kuzikwa, ili asiondoke kama mpita njia. Na mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya marehemu moja baada ya jingine hadi anyamaze. Jina alilolinyamazia ndilo lake. Aliyekufa amepata pa kurudia.

Hiyo ndiyo maana ya kuishi ambayo haikuhitaji mbingu. Ila ina ua wake, na si wote waliokaribishwa ndani. Binti aliyefikia utu uzima bila kuolewa alizikwa nje ya boma. Mjane Wambui, aliyepigania uhuru wa nchi hii na kuishi na mume huyo kwa zaidi ya miaka 20, aliambiwa kwamba kuhusu mwili wa mumewe ukoo una neno kumzidi. Nikisikia watu wakisifu utu wa Kiafrika kama jawabu lililokamilika dhidi ya upweke wa Wazungu, huwa namkumbuka yeye.

Jaji Bosire alitoa hukumu tarehe 13 Februari 1987, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono tarehe 15 Mei. SM alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei. Mjane hakuhudhuria.

Wambui alikuwa ameieleza mahakama kwamba mumewe alimtajia Ngong. Upande wa pili alisimama mchimba makaburi wa Nyalgunga, mtu asiye na shahada yoyote, akasema kwamba SM mwenyewe alimwambia siku moja, huko makaburini, kuwa yeye ndiye atakayekuja kumchimbia lake, karibu na la baba yake. Jaji alimsikiliza kwa makini, akaandika katika hukumu kwamba alimsadiki.