Uso wa askari wa Tabora: historia ya kupaka sanamu rangi ya ngozi

Tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka 1916, askari wa Force Publique ya Kongo waliingia Tabora, mji mkubwa wa bara katika koloni la Wajerumani. Walikuwa wametembea kwa miguu kutoka upande wa Kivu na Rusizi. Kigali waliishika mwezi wa tano, na nyuma yao walifuata maelfu ya wapagazi, ambao wengi hawakurudi makwao. Jenerali Tombeur, mkubwa wao, alipewa heshima hata jina la mji ule likaongezwa kwenye jina lake: Tombeur de Tabora. Askari weusi waliomletea ushindi huo wamebaki katika picha chache, nazo ni nyeusi na nyeupe.

Siku hizi askari wa kiafrika wa vita ile wanarudi kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia: wanarudi kama visanamu. Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wazima, tena wengi, ambao jioni wakitoka kazini wanakaa mezani na brashi ndogo kupaka rangi sanamu za askari wa zamani. Si mchezo wa watoto. Sanamu zenyewe ni za rezini, aina ya plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji ndani ya kalibu ya mpira, kisha inaganda. Nyingine zina urefu wa sentimita 5 hivi, nyingine ni kichwa na mabega tu. Zinatoka kwenye kalibu zikiwa za kijivu au za rangi ya maziwa, bila ngozi ya mtu yeyote. Ni mpaka rangi ndiye anayempa askari kabila, umri na uchovu wake.

Watu hao wanajua kuchunguza. Watatafuta mwezi mzima kujua mkanda ulikuwa wa ngozi gani, vifungo vilikuwa vingapi, bunduki ilitoka kiwanda gani. Lakini wakifika usoni, wengi kwa miaka mingi walifungua mkebe mmoja wa kahawia, wakapaka mara moja, basi. Mzungu aliyesimama kando ya askari huyo alipewa mashavu mekundu, kivuli cha ndevu na mikunjo ya macho. Mweusi alipewa rangi kama ya meza.

Uzembe huo haukutokana na ukosefu wa ujuzi. Ujuzi ulikuwepo zamani sana. Katika mji wa Sevilla, Hispania, kati ya miaka ya 1500 na 1600, kazi ya sanamu za kanisa iligawanywa kwa sheria za vyama vya mafundi: mchongaji alichonga mti, mchoraji alipaka rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kuingilia kazi ya mwenzake. Mchongaji mashuhuri Juan Martínez Montañés na mchoraji Francisco Pacheco walishirikiana hivyo, na mwaka 1622 waligombana waziwazi kwa sababu Montañés alichukua mkataba wa kazi yote, hata ile ya rangi. Kupaka rangi ya ngozi kulikuwa na jina lake la heshima, encarnación, yaani kuvisha mwili. Mti ulipakwa gundi na chokaa nyeupe tabaka juu ya tabaka, ukasuguliwa hata ukawa laini, ndipo rangi za mafuta zikafuata. Pacheco alikataa ule mtindo wa kung'arisha ngozi hadi ing'ae kama sahani. Alitaka rangi isiyong'aa, kwa sababu uso unaong'aa kote unaficha kazi ya mchongaji. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1649, miaka mitano baada ya kufa kwake. Mkwe wake na mwanafunzi wake alikuwa Velázquez, ambaye mwaka 1650 alichora picha ya Juan de Pareja, mtumwa wa nyumbani kwake mwenye asili ya kiafrika, ambaye baadaye alikuwa mchoraji naye. Anayeitazama picha hiyo haoni kahawia moja. Anaona nyekundu ya udongo, kijani kidogo kwenye kivuli, na mwanga kwenye paji la uso.

Sevilla ya wakati ule ilikuwa na Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru, na walikuwa na chama chao cha kikatoliki tangu mwisho wa miaka ya 1300. Walikuwa na watakatifu weusi wa kuwaheshimu. Mmoja ni Benedikto wa Palermo, mtoto wa wazazi wa kiafrika waliokuwa watumwa kisiwani Sicilia, aliyekufa mwaka 1589. Sanamu yake ya mti, ambayo inasemwa ni kazi ya José Montes de Oca wa Sevilla, yapata mwaka 1734, iko leo katika jumba la sanaa la Minneapolis, Marekani. Ana macho ya kioo, na uso wake umefanyiwa kazi kwa uangalifu uleule waliopewa watakatifu weupe. Fundi yule alikuwa na watu weusi mbele ya macho yake barabarani, na alikuwa na sababu ya kuwatazama: watu wangepiga magoti mbele ya uso huo.

Sababu hiyo ilipopotea, na macho yalipotea. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimtuma mchongaji Arsène Matton hapa Kongo kuchukua kalibu za plasta kwenye miili ya watu walio hai. Kazi ya namna hiyo inajulikana: ngozi inapakwa mafuta, plasta laini inawekwa juu, na mtu anafumba macho na kutulia mpaka igande. Plasta inashika kila kitu, hata kovu na chanjo. Kitu kimoja tu haikishiki, nacho ni rangi. Kalibu hizo zilimsaidia Matton kutengeneza sanamu za jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Katika ukumbi wake wa duara, sanamu zake zinazoisifu Ubelgiji ziliwekwa juu, zikiwa na rangi ya dhahabu. Chini ziliwekwa Waafrika wa Herbert Ward, wa shaba nyeusi. Hata mgeni asiyejua kusoma alielewa. Jumba hilo lilipofunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2018, sanamu za dhahabu zilibaki kwa sababu sheria inazilinda, lakini mbele yake kiliwekwa kichwa kikubwa cha mtu mweusi, kazi ya Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa.

Upande wa visanamu vidogo habari ni ileile. Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kuuza askari wa risasi walio tupu ndani, na baadaye ikatoa Wazulu waliopakwa weusi mmoja wa kiwandani. Rangi za mikebe zilipofika, kila mkebe ulikuwa na jina, na hapo ndipo jambo lilionekana wazi. Mkebe namba 61 wa Humbrol uliitwa Flesh, yaani rangi ya mwili. Ule wa Tamiya, XF-15, uliitwa Flat Flesh. Ndani ya yote miwili mlikuwa na waridi la Mzungu. Huko Marekani kampuni ya Crayola, inayotengeneza kalamu za nta za watoto wa shule, iliacha mwaka 1962 kuita kalamu moja kwa jina hilo, ikaiita rangi ya pichi, tunda la kule kwao. Kwenye mikebe ya visanamu jina lilikaa muda mrefu zaidi. Kijana aliyeupokea mkebe huo alifundishwa, bila mtu kumwambia neno, kwamba mwili ni huo, na mingine ni rangi tu.

Wapaka rangi walio bora waliamka kwa kushindwa. Walitaka kuipa ngozi nyeusi mwanga, wakaongeza nyeupe kwenye kahawia, na uso ukawa wa majivu. Mama yeyote wa kwetu angewaambia mara moja kosa ni nini: ngozi ile imepauka, inataka mafuta. Nyeupe inaua uhai wa kahawia. Basi wakajifunza kupandisha mwanga kwa rangi ya udongo wa njano na wa chungwa, na kushusha kivuli kwa bluu au zambarau iliyochanganywa na kahawia nzito, si kwa nyeusi tupu. Kivuli lazima kipakwe, kwa sababu kisanamu cha sentimita 5 ni kidogo mno kujitupia kivuli chake chenyewe. Rangi inafanywa nyepesi kama chai, inawekwa tabaka nyingi, ili ya chini ionekane kidogo kupitia ya juu. Ni jambo la kweli la mwili: mwanga unaingia kidogo ndani ya ngozi, unakutana na damu, ndipo unarudi. Weupe wa macho hauwi mweupe kabisa. Mdomo wa chini una wekundu kuliko wa juu. Viwiko, magoti na vifundo vya vidole vinazidi weusi. Mwishoni, kwenye paji la uso, pua na mashavu, wanaweka vanishi yenye mng'ao kidogo. Hapa Pacheco angebisha, lakini ngozi nyeusi kwenye jua la Tabora ina jasho, na jasho linang'aa.

Linabaki swali ambalo brashi haiwezi kulijibu peke yake. Kikosi kilichoingia Tabora kilikuwa na vijana wa pembe nyingi za Kongo, na hawakuwa na weusi mmoja. Nguo zao zinaweza kuchunguzwa katika majumba ya makumbusho. Ngozi yao haimo humo, na picha za 1916 hazisemi kitu. Ipo kwa wajukuu na vitukuu wao, ambao wengi leo wako njiani au chini ya mahema, na picha ya babu, kama ilikuwepo, iliachwa ukutani siku ya kukimbia. Mpaka rangi wa mbali anayetaka kumpaka askari huyo vizuri anapaswa kuwatazama hao.

Kuna sehemu moja wengi bado wanaisahau, nayo ni kiganja: ndani yake ngozi ni nyepesi, na mistari yake ni ya kahawia nzito. Kwa askari aliyeshika bunduki hakionekani. Kwa mpagazi aliyeinua mikono kushikilia mzigo kichwani, kinaonekana chote.