Safari ya Kwenda Kutazama Roketi: Bukavu, Luvua na Mtazamaji wa Kapani Tono

Tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu Sese Seko alikuwa miongoni mwa watu waliokusanyika juu ya uwanda wa Kapani Tono, kaskazini mwa mkoa uliokuwa ukiitwa Shaba, ili kutazama roketi ikirushwa. Roketi iliinuka, ikapinda, kisha ikaanguka katika bonde la mto Luvua. Tukio hilo la muda mfupi mno limesimuliwa mara nyingi kama kichekesho: dikteta, Wajerumani na chombo kilichokataa kupaa. Makala haya yanalitazama kwa upande wa mtazamaji. Nani aliweza kupanga safari ya kwenda kuiona roketi katika nchi hii, angepita njia ipi, na kwa nini kuwapo kwake kulikuwa na uzito kiasi hicho? Roketi ya Kapani Tono haikupata kubeba kitu chochote cha maana angani. Katika miaka yake miwili nchini Zaire kazi yake kubwa ilikuwa kuonekana, na jicho lililohesabiwa lilikuwa moja.

Kampuni yenyewe iliitwa OTRAG. Iliundwa mwaka 1975 katika Ujerumani ya Magharibi na mhandisi Lutz Kayser, aliyeamini kwamba setilaiti zingeweza kupelekwa angani kwa gharama ndogo sana ikiwa roketi zingetengenezwa kwa vitu vya kawaida vya viwandani. Badala ya mtambo mmoja mkubwa, alifunga pamoja mabomba membamba ya chuma yanayofanana, kila moja likiwa na injini yake, mfano wa tita la kuni. Roketi kubwa ingekuwa tita kubwa. Vali za injini zilifunguliwa kwa mota za kufutia vioo vya magari. Wengi walicheka, lakini si wote: Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Kennedy cha Marekani hadi 1974, alikubali kujiunga na uongozi wa kampuni hiyo. Kabla ya hapo Debus alikuwa mmoja wa wahandisi wa roketi za V-2 za Hitler, na jambo hilo halikusahauliwa na wapinzani wa mradi.

Ujerumani haikuwa na mahali pa kurushia. Ni nchi yenye watu wengi, tena mwaka 1954 ilikuwa imeahidi kutotengeneza katika ardhi yake makombora ya kwenda mbali. Kwa hiyo Kayser alitafuta Afrika, karibu na ikweta. Sababu yake ni ya kisayansi na ni rahisi kueleweka. Dunia inapozunguka, mtu aliye kwenye ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 465 hivi kwa kila sekunde, na roketi iliyosimama hapo huipata kasi hiyo bure. Kapani Tono iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na hapo kasi inayopotea ni mita chache tu. Aidha, uwanda huo una kimo cha mita zipatazo 1,300, na chini yake bonde la Luvua limefunguka. Roketi zote tatu zilizorushwa huko, tarehe 17 Mei 1977, 20 Mei 1978 na 5 Juni 1978, ziliondoka mwanzoni mwa kiangazi, mvua zilipokuwa zimekwisha na anga limetakata.

Serikali ya Zaire iliikabidhi kampuni eneo la kilomita za mraba 100,000. Msomaji wa Bukavu atauona ukubwa huo akikumbuka kwamba mkoa mzima wa Kivu ya Kusini hauzidi kilomita za mraba 70,000, na Rwanda ingeingia humo zaidi ya mara tatu. Eneo hilo halikuwa pori tupu. Ni nchi ya wakulima na wavuvi wa Luvua, ya migodi ya bati ya Manono, na ya vijiji ambavyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia humo kwa njia ya misafara ya karne ya 19, kisha kwa reli na misheni. Waliouchambua mkataba walipopata nakala yake walishangazwa hasa na upana wa mamlaka aliyopewa mgeni juu ya ardhi hiyo. Kwa mwanahistoria, hapo ndipo penye jambo. Mwenyeji wa Luvua hakuwa na haja ya kupanga safari ya kwenda kuiona roketi, kwa kuwa roketi ndiyo iliyomfuata nyumbani kwake, lakini hakuwa miongoni mwa walioalikwa.

Tuseme mwalimu wa Bukavu angetaka kwenda. Ramani inadanganya: Bukavu na Kapani Tono ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, na umbali wa moja kwa moja kuelekea kusini ni kilomita 600 hivi. Hata hivyo, asingeweza kukaa nyumbani akitazama upeo wa macho. Umbo la dunia huificha roketi iliyofika kimo cha kilomita 20 kwa yeyote aliye mbali zaidi ya kilomita 500, hata pasipokuwa na mlima mmoja njiani, na kusini mwa Bukavu milima haikosekani. Ilikuwa lazima asafiri. Angeshuka kwa gari hadi Kamanyola na kuingia katika bonde la Ruzizi, afike Uvira na bandari yake ya Kalundu. Kutoka hapo, barabara ya ufukweni ilielekea Baraka na Fizi, ambako waasi wa PRP wa Laurent-Désiré Kabila walikuwa na maskani yao milimani tangu 1967. Mwaka 1975 waasi hao walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wa kigeni huko Gombe, Tanzania. Msafiri mwenye busara angechagua chombo cha majini hadi Kalemie.

Kalemie ndiko reli inakoanzia. Njia hiyo ya kilomita 273 hivi hadi Kabalo, kwenye mto Lualaba, ilikamilishwa mwaka 1915 wakati wa vita dhidi ya Wajerumani wa ng'ambo ya ziwa. Historia ina mizaha yake. Kutoka Kabalo angepanda mto hadi Ankoro, Luvua inapoingia katika Lualaba, kisha afuate Luvua hadi Kiambi, ambako maporomoko huzuia vyombo. Kutoka Kiambi palibaki mwendo wa nchi kavu hadi mpaka wa eneo la kampuni. Hapo safari ingeishia. Siku ya kurusha haikutangazwa kwa umma, na kampuni haikuitegemea reli wala mto: ilitengeneza uwanja wa ndege juu ya uwanda na kutumia ndege zake yenyewe za mizigo. Palikuwa na njia mbili za kwenda Kapani Tono, ya ardhini iliyokuwa ndefu na isiyofika, na ya angani iliyokuwa fupi na ya wachache.

Kwa Rais, ugumu haukuwa njia bali kalenda. Tarehe 20 Mei ilikuwa sikukuu ya chama cha MPR, kilichoundwa mwaka 1967, na roketi ya pili ilirushwa siku hiyohiyo mwaka 1978. Kama tarehe ilichaguliwa kwa heshima ya chama, ilichaguliwa kabla ya balaa. Wiki moja iliyotangulia, tarehe 13 Mei, waasi wa FNLC waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Kifaransa walianza kushuka huko. Kolwezi na Kapani Tono zimetengana kwa kilomita zipatazo 450. Katika mkoa mmoja, kwa muda wa siku mbili, miavuli ilikuwa ikishuka upande huu na roketi ikipanda upande ule.

Wiki mbili baadaye Mobutu alikwenda. Ni vigumu kuielewa safari hiyo bila kukumbuka hali yake wakati huo. Jeshi lake lilikuwa limeaibika mara mbili katika miezi kumi na mitano, bei ya shaba ilikuwa imeporomoka tangu 1974, na wakopeshaji walikuwa wakijiandaa kukutana Brussels katikati ya Juni. Kwenda Shaba kutazama roketi kulikuwa ni kusema kwamba mkoa uko mikononi mwake na kwamba Zaire ni nchi ya mambo ya kesho. Mwaka 1974 alikuwa ameleta pambano la Ali na Foreman Kinshasa, na uwanja ukajaa wananchi wake. Safari hii hapakuwa na uwanja wala umati. Kampuni nayo ilimhitaji vilevile, maana mkataba wake ulisimama juu ya nia ya mtu mmoja, na nia hiyo ilihitaji kulishwa kwa macho. Hapo pana hatari ambayo wahandisi huijua vema. Roketi ya majaribio hurushwa ili makosa yaonekane, na mgeni wa heshima hualikwa ili yasionekane. Mambo hayo mawili hayapangiki katika siku moja.

Kuanguka kwa roketi hakukuwa sababu pekee ya yaliyofuata. Umoja wa Kisovieti na Angola walikuwa wamekwisha kudai kwamba kampuni inatengeneza makombora ya kivita, na Bonn na Paris hazikutaka kugombana na Moscow kwa ajili ya mabomba ya Kayser. Aprili 1979 Zaire iliuvunja mkataba. OTRAG ilihamia Libya, jambo lililoziongezea nguvu shutuma zilezile. Ni haki kuongeza kwamba madai ya silaha hayakupata kuthibitishwa kuhusu Kapani Tono. Lakini kampuni iliyojifungia ndani ya kilomita za mraba 100,000 haikuwa na shahidi wa kumwita. Wenyeji ambao wangeweza kusema waliona nini hawakuulizwa.

Pwani ya Kenya inatoa mfano tofauti kiasi. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988 kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Nako mitambo ilikuwa ya wageni. Hata hivyo, setilaiti ya Kimarekani iliyoondoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, na orodha yake ya vyanzo 339 iliingia katika vitabu vya elimu ya nyota pamoja na neno hilo la Kiswahili. Mvuvi wa Ngomeni hakuhitaji ruhusa ya mtu ili kuinua uso.

Katika Kongo, roketi zilizofuata zilikuwa za Wakongomani wenyewe: zile za Troposphère za mhandisi Jean-Patrice Keka, zilizorushwa Menkao, mashariki mwa Kinshasa, kuanzia mwaka 2007. Ile ya mwaka 2009 ilibeba panya na haikufaulu. Kuhusu Kapani Tono, picha za filamu zilizochukuliwa pale kituoni zilionyeshwa upya katika sinema ya kumbukumbu ya Oliver Schwehm ya mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kifo cha Kayser. Ndani yake mwanafunzi wa Bukavu anaweza kuiona roketi ya Luvua ikipinda na kuanguka, miaka arobaini baadaye, bila kupanda meli ya Kalemie.